Kuzoa Maji Yaliyomwagika: Ubunifu wa Vichocheo vya Kugeuza Kaboni Dayoksaidi kuwa Fueli kwa Umeme

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Methali hii hutumiwa kumliwaza aliyepatwa na hasara isiyorudishika, au kumwonya anayekusudia kutenda jambo bila kulitafakari. Hata hivyo, wapo wanakemia ambao kazi yao ya kila siku ni kujaribu kuyazoa maji ya aina hiyo. Maji yenyewe ni gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo wengine huiita hewa ya ukaa. Gesi hii humwagika angani kila taa ya mafuta inapowashwa, kila gari la petroli linapoendeshwa na kila kiwanda cha saruji kinapochoma mawe ya chokaa. Vipimo vilivyoanzishwa na Charles David Keeling katika mlima wa Mauna Loa, Hawaii, mwaka wa 1958, vilionyesha wakati huo sehemu 315 hivi za gesi hii katika kila sehemu milioni za hewa. Kufikia mwaka wa 2024, wastani wa mwaka ulikuwa umepita sehemu 420.

Makala haya yananuia kueleza njia mojawapo ya kuizoa gesi hiyo, yaani kutumia umeme kuigeuza iwe fueli au malighafi ya viwanda. Mkazo umewekwa kwenye kichocheo, ambacho ndicho kiini cha njia hii. Hoja inayojengwa ni kwamba ugumu wa kubuni kichocheo hautokani na ukosefu wa nguvu. Nguvu za umeme zipo. Kinachosumbua ni kiasi: namna ya kuishika molekuli kwa kadiri inayofaa, kisha kuiachia kwa wakati ufaao.

Ukaidi wa Kaboni Dayoksaidi

Kaboni dayoksaidi ni kwa kaboni kama majivu yalivyo kwa kuni. Ni kile kinachosalia baada ya moto kuchukua chake. Hakuna mpishi awezaye kuchemsha chai kwa majivu, na kwa sababu iyo hiyo hakuna injini inayoendeshwa kwa kaboni dayoksaidi. Atakaye kuirejesha katika hali ya fueli sharti airudishie nishati iliyotoka wakati wa kuungua, na zaidi ya hiyo, kwa kuwa hakuna safari ya kurudi isiyo na nauli yake.

Ukaidi wa gesi hii unatokana na umbo lake. Kila molekuli ina atomu moja ya kaboni iliyokaa katikati ya atomu mbili za oksijeni, zote tatu zikiwa katika mstari ulionyooka, na kaboni imefungamana na kila oksijeni kwa kifungo maradufu. Ni umbo tulivu lisilo na haja na jirani. Ili kulibadilisha, molekuli hupewa elektroni kutoka kwa umeme na hidrojeni kutoka kwa maji. Idadi ya elektroni hutegemea kinachotakiwa. Kaboni monoksaidi huhitaji elektroni 2, na fomati, ambayo ni chumvi ya asidi ya fomiki, huhitaji 2 vilevile. Methanoli huhitaji 6 na methani 8. Ethilini na ethanoli, ambazo kila molekuli yake ina atomu mbili za kaboni, huhitaji elektroni 12.

Elektroni ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Inapoingia, molekuli iliyonyooka hulazimika kupinda. Ikiwa molekuli hiyo iko peke yake majini, bila kitu cha kuegemea, tendo hilo hudai takriban volti 1.9 chini ya sifuri ya elektrodi sanifu ya hidrojeni. Ajabu ni kwamba ukipigwa hesabu ya safari nzima, kuanzia gesi hadi ethilini, kiasi kinachohitajika ni sehemu ndogo tu ya volti hizo. Kwa maneno mengine, mwisho wa safari hauko juu sana, ila mlima mrefu umesimama mwanzoni mwa njia. Kazi ya kichocheo ni kumpitisha msafiri pembeni mwa mlima huo.

Seli na Mshindani Wake

Chombo kinachotumika huitwa seli ya elektrolisisi. Kina elektrodi mbili zilizounganishwa na chanzo cha umeme, myeyusho wenye chumvi, na mara nyingi utando unaotenganisha pande mbili. Katika elektrodi chanya maji huvunjwa, oksijeni hutoka, na elektroni huchukuliwa. Elektroni hizo husafiri katika waya hadi elektrodi hasi, ambako kaboni dayoksaidi inazingojea. Kichocheo kinachozungumziwa hapa kimepakwa juu ya elektrodi hasi, au ndicho elektrodi yenyewe.

Lau mambo yangekuwa hivyo tu, kazi ingekuwa nyepesi. Lakini maji yanayotoa hidrojeni ya kuijenga fueli yana tamaa yao wenyewe. Nayo hupenda kuzipokea elektroni na kutoa gesi ya hidrojeni, kwa kishindo kidogo na kwa njia fupi. Hivyo basi, kila elektroni inayofika katika elektrodi hasi huwa na wachumba wengi: maji, kaboni dayoksaidi, na vizalia vya katikati ambavyo bado havijakamilika. Kichocheo bora si kile kinachoharakisha kila kitu. Ni kile kinachoharakisha tendo moja na kuyaacha mengine yalale.

Kwa sababu hiyo watafiti hukipima kichocheo kwa mambo manne. La kwanza ni uteuzi, yaani katika kila elektroni 100 zilizotumika, ni ngapi zilizoishia katika zao lililokusudiwa. La pili ni kasi, ambayo hupimwa kwa wingi wa mkondo wa umeme katika kila sentimita mraba ya elektrodi. La tatu ni volti za ziada zinazopotea ili tendo litokee. La nne ni uimara, yaani kichocheo hudumu saa, siku au miaka mingapi kabla ya kuchoka. Ni rahisi kupata kimoja kinachoshinda katika jambo moja kati ya hayo manne. Kinachoshinda katika yote bado kinatafutwa.

Mshenga Asiyeng'ang'ania

Dhana ya kichocheo iliingizwa katika kemia na Jöns Jacob Berzelius wa Uswidi mwaka wa 1835. Neno la Kiswahili limetokana na kitenzi chochea, yaani kusukumia kuni ndani ya moto ili uwake zaidi. Ni neno zuri lakini lina mtego wake. Anayechochea moto huongeza kuni, ilhali kichocheo cha kemia hakiongezi nishati yoyote wala hakibadilishi mwanzo na mwisho wa safari. Hufungua tu njia ambayo haikuwapo.

Mfano unaokaribia ukweli zaidi ni ule wa mshenga. Mshenga hupeleka posa, huwakutanisha wazee wa pande mbili, hulainisha palipo na ugumu, na ndoa ikishafungwa hurudi kwake akiwa yule yule, tayari kutumwa kwingine. Asipoaminika, hakuna atakayemfungulia mlango. Akishikamana mno na nyumba ya maharusi hata akataka kuhamia humo, ndoa itaharibika na yeye hatatumwa tena.

Hivyo ndivyo alivyofundisha Paul Sabatier wa Ufaransa, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 1912. Kanuni inayoitwa kwa jina lake husema kuwa uso wa kichocheo sharti uishike molekuli kwa kiasi cha wastani. Ukiishika kwa ulegevu, molekuli huondoka kabla ya kubadilika. Ukiishika kwa nguvu kupita kiasi, molekuli hubadilika lakini haiondoki, na nafasi yake haipatikani tena kwa mwingine. Uso huo husemekana kuwa umelishwa sumu, hata kama kilichouziba ni zao lenyewe lililokuwa likitafutwa.

Ushahidi wa Metali

Kanuni hii ilipata ushahidi wa wazi nchini Japani. Mwaka wa 1985, Yoshio Hori na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chiba walichapisha matokeo ya kuzijaribu metali mbalimbali, moja baada ya nyingine, katika myeyusho wa bikaboneti uliojazwa kaboni dayoksaidi. Ubora wa kazi yao ulikuwa katika uangalifu wa hesabu: walipima gesi zilizotoka na vilevile vilivyobaki katika myeyusho, wakavilinganisha na elektroni zilizoingia. Katika kazi hiyo na zilizoifuata, metali zilijipanga katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni bati, risasi, zebaki na indiamu, ambazo hutoa fomati. Kundi la pili ni dhahabu, fedha na zinki, ambazo hutoa kaboni monoksaidi. Kundi la tatu ni nikeli, chuma na platini, ambazo katika mazingira hayo hutoa hidrojeni karibu pekee. Kundi la nne lina metali moja tu, nayo ni shaba. Shaba ilitoa methani, na ikabainika kwamba hutoa ethilini na alkoholi pia.

Kanuni ya Sabatier huyaeleza makundi haya vizuri. Dhahabu na fedha huishika kaboni monoksaidi kwa mkono mlegevu: ikishaundwa tu, huachiliwa na kupanda juu kama povu. Nikeli na platini huishika kwa mkono wa chuma, haiachiliwi wala haiendelei mbele, na nafasi chache zilizosalia hutumiwa na maji kutoa hidrojeni. Bati na risasi haziishiki kaboni yenyewe vyema, bali molekuli huzielekea kwa upande wa oksijeni, na safari huishia kwenye fomati. Shaba imekaa katikati. Huishika kaboni monoksaidi kwa muda wa kutosha ili hidrojeni iongezwe, au ili molekuli mbili zilizokaa jirani ziungane na kuzaa mnyororo wa kaboni mbili. Muungano huo wa kaboni na kaboni ndio mlango wa kuingilia katika ethilini, ethanoli na propanoli.

Jambo la kutia moyo ni kuwa metali hii si adimu kama dhahabu. Wazungumzaji wa Kiswahili wanaikuta hata katika ramani za zamani: jimbo la Katanga nchini Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya wengi, liliitwa Shaba katika enzi ya Mobutu hadi mwaka wa 1997, kwa sababu ya utajiri wake wa madini hayo.

Hata hivyo, mshika mbili moja humponyoka, na shaba hushika zaidi ya mbili. Mwaka wa 2012, kundi la Thomas Jaramillo katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lilionyesha kuwa kipande cha shaba ya kawaida huweza kutoa mazao 16 tofauti kutokana na kaboni dayoksaidi. Mazao hayo yakitoka pamoja, yakiwa yamechanganyika na hidrojeni na maji, kuyatenganisha kunaweza kula nishati nyingi. Wema wa shaba, ambao ni ule mkono wake wa wastani, ndio pia kasoro yake, kwa maana huacha milango mingi wazi.

Kamba Moja, Mbuzi Wengi

Swali linalofuata ni la kawaida: ikiwa shaba inakaribia kiasi kinachofaa, kwa nini isirekebishwe kidogo tu hadi ifikie kiasi chenyewe? Jibu lilitolewa kwa hesabu za kompyuta mwaka wa 2010 na Andrew Peterson, Jens Nørskov na wenzao. Walionyesha kuwa hatua nzito katika njia ya kwenda methani ni ile ya kuiongezea kaboni monoksaidi iliyoshikwa na uso atomu ya kwanza ya hidrojeni. Ili kuipunguzia hatua hiyo uzito, uso unapaswa kukishika kizalia kinachofuata kwa nguvu zaidi bila kuishika kaboni monoksaidi yenyewe kwa nguvu zaidi.

Hapo ndipo penye tatizo. Vizalia vyote viwili huushika uso kupitia atomu ile ile ya kaboni. Kwa hiyo metali inayokikaza kimoja hukikaza na cha pili. Ni kama mchungaji aliyewafunga mbuzi wake kwa kamba moja: akimvuta mmoja, wote hufuata. Uhusiano huu ndio unaofanya kubadili metali moja kwa nyingine kusitoshe. Tangu hapo, sehemu kubwa ya ubunifu wa vichocheo imekuwa ni kutafuta mbinu za kuikata kamba hiyo au kuikwepa.

Mbinu ya kwanza ni kuchagua uso. Fuwele ya shaba inaweza kukatwa kwa namna mbalimbali, na kila mkato hufunua mpangilio tofauti wa atomu. Uso ambao atomu zake zimejipanga kimraba hupendelea ethilini, ilhali ule uliojipanga kipembetatu hupendelea methani. Metali ni ile ile, ila ujirani wa atomu umebadilika. Sawia na hilo, mwaka wa 2012 Christina Li na Matthew Kanan wa Stanford waliichoma shaba hadi ikaota tabaka nene la oksaidi, kisha wakaliondoa oksijeni kwa umeme. Shaba iliyobaki, yenye mikunjo na mipaka mingi kati ya chembe zake, iliipunguza kaboni dayoksaidi kwa volti chache kuliko shaba laini.

Mbinu ya pili ni kugawa kazi. Kwa kuwa fedha na dhahabu ni hodari wa kutengeneza kaboni monoksaidi, na shaba ni hodari wa kuiendeleza, zinaweza kuwekwa jirani ili ya kwanza imkabidhi ya pili kazi iliyoanzwa, kama wakimbiaji wa kupokezana vijiti. Mbuzi hawafungwi tena kwa kamba moja kwa sababu kila mmoja ana mchungaji wake.

Mbinu ya tatu ni kuitenga atomu. Ilitajwa hapo juu kuwa kipande cha nikeli hutoa hidrojeni. Lakini atomu za nikeli zikitawanywa moja moja katika karatasi nyembamba za kaboni, kila moja ikiwa imezungukwa na atomu za nitrojeni, tabia yake hugeuka na hutoa kaboni monoksaidi kwa uteuzi mkubwa. Mfano huu unafundisha kwamba metali haina tabia moja ya kudumu. Tabia yake hutokana na majirani. Kobalti nayo, ikifungiwa ndani ya pete ya molekuli na kuwekwa juu ya mirija midogo mno ya kaboni, ilitoa methanoli katika majaribio yaliyochapishwa mwaka wa 2019 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale.

Mbinu ya nne ni kuchanganya metali kwa kuongozwa na kompyuta. Idadi ya michanganyiko na nyuso zinazowezekana ni kubwa kuliko uwezo wa maabara yoyote. Mwaka wa 2020, watafiti wa Toronto nchini Kanada na wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani walitumia programu inayojifunza kutokana na hesabu zilizotangulia ili ipendekeze za kufuatia. Ilielekeza kwenye mchanganyiko wa shaba na alumini, na ulipotengenezwa, elektroni 80 hivi katika kila 100 ziliishia katika ethilini. Kompyuta haikuchukua nafasi ya mwanakemia. Ilimpunguzia msitu wa kutafuta.

Kutoka Bilauri hadi Kiwandani

Kichocheo kizuri kikiwekwa katika mazingira mabaya hakifui dafu. Kikwazo cha kwanza ni maji yenyewe. Katika nyuzi 25 za Selsiasi na kanieneo ya kawaida, lita moja ya maji huyeyusha takriban gramu 1.5 tu za kaboni dayoksaidi. Kichocheo chenye njaa humaliza akiba hiyo mara moja, kisha hugeukia kutoa hidrojeni. Suluhisho limekuwa ni elektrodi yenye vinyweleo, ambayo upande mmoja hugusa gesi na upande wa pili hugusa myeyusho, huku kichocheo kikikaa mpakani. Mwaka wa 2018, kundi la Edward Sargent katika Chuo Kikuu cha Toronto lilitumia elektrodi ya aina hiyo na shaba katika myeyusho mkali wa alkali, likapata uteuzi wa asilimia 70 hivi kwa ethilini, na seli ikadumu kwa takriban saa 150.

Mafanikio hayo yalifichua kikwazo cha pili. Alkali inayosaidia uteuzi huila kaboni dayoksaidi na kuigeuza kuwa kaboneti. Hata pale myeyusho unapoanza bila alkali kali, tendo lenyewe huzalisha alkali. Hesabu yake ni rahisi kufuata. Kuunda molekuli moja ya ethilini hutumia molekuli 2 za kaboni dayoksaidi na huacha ioni 12 za haidroksaidi. Ioni hizo 12 zinaweza kunasa molekuli nyingine 6 za gesi. Kati ya molekuli 8 zilizotumika, ni 2 tu zilizokuwa fueli, sawa na robo. Zilizobaki hugeuka kuwa chumvi, na mara nyingine chumvi hiyo huviziba vinyweleo vya elektrodi hadi seli ikasimama. Ndiyo sababu mwaka wa 2021 kundi la Toronto lilichapisha jaribio la kuifanya kazi hiyo katika asidi kali yenye ioni nyingi za potasiamu. Katika asidi, kaboneti haidumu, na gesi hurudi kazini. Nazo ioni za potasiamu zilizojikusanya karibu na uso husaidia kaboni dayoksaidi isizidiwe na hidrojeni.

Kikwazo cha tatu ni uchakavu. Chembe ndogo za shaba hazitulii zinapofanya kazi. Atomu zake huhama, chembe huungana au huyeyuka, na uso uliobuniwa kwa ustadi Jumatatu waweza kuwa uso mwingine kabisa Ijumaa. Kiwanda huhitaji seli za kudumu maelfu ya saa. Umbali kati ya saa 150 na maelfu hayo ni sehemu ya kazi isiyotangazwa sana, lakini ndiyo itakayoamua kama maarifa haya yatatoka maabara.

Kwa sasa mazao yaliyo karibu zaidi na viwanda ni yale ya elektroni 2, yaani kaboni monoksaidi na fomati. Kaboni monoksaidi si fueli ya gari, lakini ikichanganywa na hidrojeni huweza kugeuzwa dizeli na mafuta ya ndege kwa mbinu iliyobuniwa Ujerumani na Franz Fischer na Hans Tropsch katika miaka ya 1920. Kwamba gesi hii huweza kuvunjwa kwa umeme hata mbali na dunia kulithibitishwa na mtambo wa MOXIE, uliobebwa na gari la Perseverance la shirika la NASA hadi sayari ya Mirihi. Kati ya mwaka wa 2021 na 2023, mtambo huo uliopashwa joto la nyuzi 800 hivi ulizalisha jumla ya gramu 122 za oksijeni kutokana na kaboni dayoksaidi ya huko. Kilichotakiwa hapo kilikuwa oksijeni. Kaboni monoksaidi ilikuwa masalio.

Hesabu ya Nauli

Ni muhimu kutaja gharama bila kuificha. Kinadharia, seli ya kutengeneza ethilini huhitaji takriban volti 1.15. Seli halisi huhitaji zaidi sana. Ikichukuliwa seli ya mfano inayotumia volti 3, yenye uteuzi wa asilimia 70, nishati itakayohifadhiwa katika ethilini ni asilimia 27 hivi ya umeme ulioingia. Inayobaki hupotea kama joto na kama mazao yasiyotakiwa. Kutokana na hesabu hii, umeme unaotokana na makaa ya mawe haufai kabisa kwa kazi hii, kwa sababu utamwaga angani kaboni nyingi kuliko inayozolewa. Nchi kama Kenya, ambayo sehemu kubwa ya umeme wake hutokana na mvuke wa ardhini Olkaria, mito na upepo, ina sababu ya kuifuatilia taaluma hii, ingawa kila kilowati ina mahitaji mengine yanayoingojea.

Aidha, asili ya gesi ina uzito wake. Kaboni dayoksaidi inayotoka katika bomba la kiwanda cha saruji ikigeuzwa kuwa mafuta ya ndege, itarudi angani ndege itakaporuka. Imetumika mara mbili badala ya moja, na hiyo ni nafuu, lakini haijaondolewa. Mzunguko hufungika kwa kweli pale tu gesi inapochukuliwa kutoka hewani au kutoka kwa mimea.

Lugha ya Kushika na Kuachia

Katika shule na vyuo vya Kenya, kemia hufundishwa kwa Kiingereza, na huenda mwanafunzi wa Kiswahili akadhani kuwa mada hii haimhusu. Jitihada za istilahi, hata hivyo, si ngeni. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka wa 1990. Istilahi za nomino kama elektrodi na molekuli zimetoholewa bila taabu. Lakini moyo wa mada hii hauko katika nomino. Uko katika vitenzi, na hapo unyambulishaji wa Kiswahili una hazina kubwa. Metali yaweza kushika, kushikilia, kushikamana, kushikiza au kung'ang'ania. Molekuli yaweza kuachwa, kuachiwa au kuachiliwa. Kanuni ya Sabatier, iliyochukua kurasa nyingi kufafanuliwa, inaweza kusemwa kwa maneno matatu: kushika bila kung'ang'ania. Mwalimu anayeweza kuisema hivyo amekwisha kumpa mwanafunzi ufunguo wa makundi manne ya Hori.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa kubuni kichocheo cha kugeuza kaboni dayoksaidi ni kutafuta kiasi. Dhahabu huachia mapema, platini haiachii, na shaba iliyo katikati huachia mengi kwa pamoja. Mbinu za kuchagua uso, kugawa kazi, kutenga atomu na kuchanganya metali zote zinalenga kuupa mkono huo wa shaba nidhamu ambayo maumbile hayakuupa. Vikwazo vya kaboneti, uchakavu na upotevu wa nishati vinaonyesha kuwa kichocheo hakifanyi kazi peke yake, kama vile mshenga asivyoweza kufunga ndoa bila wazee, mahari na nyumba.

Je, wahenga walikosea? La. Wanakemia wamethibitisha kuwa maji yaliyomwagika yanaweza kuzolewa, tone kwa tone, lakini kila tone hudai nishati nyingi kuliko ile iliyopatikana lilipomwagika. Methali haikukanushwa, imepewa bei. Na anayeijua bei ya kuzoa ana sababu moja zaidi ya kuwa mwangalifu asimwage.